Dawa ya Kahawa

Ngo.

Mara moja tu. Kifundo cha kidole kwenye mbao, kutoka ndani ya chumba cha giza.

Tulikuwa mezani, mimi na Mama. Kijiko chake kikasimama hewani, kikashuka taratibu, kikalala kando ya sahani.

"Mbao hizo," akasema. "Zinakauka."

"Hiyo si mbao, Mama."

"Basi ni panya."

"Panya anabisha hodi?"

Zamani angecheka. Mama alikuwa mtu wa kucheka mpaka anashika ukuta. Usiku ule alisukuma sahani, akaweka kiganja kifuani, akavuta pumzi kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisima kirefu.

Halafu nikaisikia harufu. Mkaa. Mkaa unaoanza kushika moto.

Sisi tulipikia gesi. Nyumba nzima haikuwa na hata punje moja ya mkaa.

Nyumba yetu ilikuwa studio kwanza, nyumba baadaye. Mbele kulikuwa na kiti cha kupigia picha na pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Nyuma kulikuwa na jiko na vyumba viwili vya kulala. Katikati, kwenye ukumbi mwembamba, kilikuwepo chumba cha giza, cha kusafishia filamu. Hakikuwa na dirisha. Babu, baba yake Mama, alikijenga kwa mikono yake, akaziba kila ufa kwa lami. Siku hizi Mama alipiga picha za pasipoti kwa kamera ndogo na kuzichapisha kwa mashine iliyo mezani. Chumba kile hakuna aliyekiingia.

Babu alikuwa ametuacha wiki chache zilizopita. Nilitoka chuoni kumuuguza, nikamzika, nikabaki kwa ajili ya Mama. Aliamka kila asubuhi na kichwa kizito, midomo myekundu, pumzi fupi. Alilala mchana akiwa amesimama. Daktari alimpima, akampima tena, akasema, "Mapafu yako safi kabisa, mama. Pumzika tu." Lakini Bibi naye aliondoka hivyohivyo, kwenye kiti, midomo myekundu, kama mtu aliyepitiwa na usingizi katikati ya kicheko. Na Babu pia.

Sikuwa tayari kumpumzisha Mama kwa namna hiyo.

Kulikuwa na kitu kimoja ambacho sikumwambia daktari. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya Babu ulimi zamani, kikamwachia mkono mmoja na kiti cha magurudumu. Kwa mkono huo alishika kamera yake kuukuu, ile ya filamu, na kutwa nzima alimfuata Mama nayo. Mama akifua, kacha. Mama akipika, kacha. Tulidhani ni utoto wa uzee. Siku yake ya mwisho aliniita kwa jicho. Akaonyesha kidole kwenye kamera. Akaonyesha mlango wa chumba cha giza. Halafu akagusa midomo yake mwenyewe, akalia bila sauti.

Mama alikuwepo. Mama aligeuza uso.

Jioni iliyofuata, jua likijificha nyuma ya mapaa ya mabati, nilichukua kikapu nikatoka.

Mjini hapakuuzwa tena dawa ya kusafishia filamu. Lakini nilikua nikisikia kwamba wakati mmoja, kabla sijazaliwa, makasha ya dawa yaliacha kuja na studio zote zikafunga, isipokuwa ya Babu. Alitengeneza dawa yake kutoka jikoni. Watu wakamwita Bwana Kahawa. Jina likamganda mpaka kaburini.

"Kopo la kahawa," nilimwambia kijana wa dukani. "Ile ya bei ya chini. Na magadi ya kufulia. Na vidonge vya vitamini C."

Akavipanga juu ya meza, akaviangalia, akaniangalia. "Dada, unaumwa, unafua, au unakesha?"

"Vyote."

"Pole. Nikuongezee kiberiti?"

Nilicheka. Ndicho kicheko changu cha mwisho siku ile.

Barazani pa duka alikaa fundi saa, mzee aliyekuwa hapo tangu kabla ya duka lenyewe. Alikuwa akikusanya vyombo vyake, kile kioo cha kukuzia kikiwa bado kimebanwa jichoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kahawa na magadi," akasema bila kuinua uso. "Nilidhani harufu hiyo tumeizika pamoja na mwenyewe."

"Ulimfahamu Babu?"

"Nani asiyemfahamu? Mji mzima umekosa dawa, yeye anayo. Watu wakauliza, kaipata wapi? Wakajijibu wenyewe." Akashusha sauti mpaka ikawa pumzi. "Wakasema alitoa mtoto kafara."

"Mtoto gani? Babu alikuwa na mtoto mmoja tu. Mama."

Hapo ndipo aliponitazama. Jicho lile nyuma ya kioo lilikuwa kubwa, limelowa.

"Ndivyo walivyokwambia?" akauliza.

Mama aliisikia harufu ya kahawa kabla sijavua viatu. Alikuwa jikoni, amejishika kwenye meza.

"Rudisha."

"Babu alinionyesha kamera, Mama. Kuna kitu humo."

"Kiache kilale."

"Wewe ndiye huwezi kulala! Wewe unazimia, unaamka, unazimia. Kama Babu alikiona kinachokumaliza, na mimi nataka kukiona." Nikaweka kikapu mezani. "Mtoto gani alitolewa?"

Bomba lilidondosha tone. Kisha Mama akachukua birika akalijaza maji. Nilielewa baadaye kwamba hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kujibu.

"Magadi kwanza," akasema. "Mpaka maji yateleze vidoleni. Kahawa baadaye."

"Naogopa hii kahawa ni mbaya mno."

"Mbaya ndiyo nzuri. Ile nzuri ni ya wageni, filamu haina ulimi." Mkono wake ulipima bila kijiko, bila kusita. Nilimtazama kwa mshangao. Sikuwahi kumwona akigusa dawa ile, na hapa alikuwa akiipika kama mtu anayepika chakula cha utoto wake. Harufu ikapanda, chungu, nzito, kama kahawa iliyomwagika kwenye nguo chafu. Akavisaga vidonge, akavinyunyiza. "Zamani hivi havikuwepo. Kahawa na magadi tu. Ilikuwa inachelewa. Inataka joto muda wote."

"Joto la nini?"

"Jiko la mka..."

Akafunga mdomo.

Sikumsukuma. Nilikuwa nimeshapata alichonipa.

Sasa lazima nieleze desturi ya nyumba yetu, maana bila hiyo hakuna kitakachoeleweka. Aliye ndani ya chumba cha giza hatoki mwenyewe. Hawezi kujua kama mlango wa mbele uko wazi, kama mwanga umemwagika ukumbini. Mwanga ukiingia mara moja tu, harusi nzima ya watu imeungua. Kwa hiyo ukimaliza, unabisha. Ngo. Mara moja. Aliye nje anafunga mlango wa mbele, anavuta pazia zito la ukumbini, anasema, "Pazia limefungwa," kisha anakuita kwa jina. Ukisikia jina lako, ndipo unasukuma mlango. Nilipokuwa mdogo nilidhani kila nyumba duniani iko hivyo. Nilimaliza kuoga kwa rafiki yangu nikabisha mlango wa bafu, nikasubiri kuitwa mpaka nikaanza kutetemeka kwa baridi.

"Nitakaa hapa nje," Mama akasema, akivuta kigoda mpaka mlangoni. "Nitakuita mimi. Usitoke mpaka usikie jina lako."

Nikaingia. Nikafunga. Nikazima taa.

Giza la usiku lina vipande vya nuru ndani yake. Giza lile halikuwa na hata kimoja. Lilinigusa mboni za macho.

Tangi la kusafishia filamu lilikuwa limepoteza kifuniko, kwa hiyo nilifanya kama walivyofanya wao zamani. Unachomoa filamu gizani. Unashika ncha moja mkono wa kulia, ncha nyingine mkono wa kushoto, katikati inaning'inia kama kamba ya kuruka. Unaichovya katika beseni. Kulia juu, kushoto chini. Kushoto juu, kulia chini. Filamu inapita ndani ya dawa, inarudi, inapita, inarudi.

Kulia juu. Kushoto chini.

Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Dawa ilitoa mlio mdogo, kama mtoto anayeramba kidole.

Kushoto juu. Kulia chini.

Harufu ya kahawa. Harufu ya kahawa... na mkaa.

Jasho likanitiririka jichoni. Nikajipangusa kwa mgongo wa mkono, nikaendelea. Juu. Chini. Filamu ilikuwa nyepesi sasa, inakwenda yenyewe, ina mwendo mzuri kuliko wangu.

Juu. Chini.

Kisha nikaelewa.

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa bado usoni.

Na filamu ilikuwa ikipanda na kushuka.

Mtu alikuwa ameshika ncha ile nyingine.

Sikupiga kelele. Ningependa kusema ni kwa ujasiri, lakini sivyo. Mkono wangu wa kulia uliendelea, kwa sababu haukujua la kufanya zaidi. Aliyekuwa upande wa pili alikuwa fundi. Hakuvuta kwa nguvu. Hakuchelewa. Alikuwa mfupi: ncha yake ilikaa chini kuliko yangu. Na alikuwa akipumua kwa shida, pumzi fupi fupi, kama Mama.

Muda ulipotimia, ni yeye aliyejua. Akaachia.

Ncha ikaanguka majini. Chwa.

Niliisuuza filamu, nikaitia katika dawa ya kukaza. Kopo la Babu la dawa hiyo lilikuwa bado zima. Kinachotokeza picha ni kahawa, lakini kinachoifanya ikae ni dawa hii. Bila kukazwa, picha huja, huonekana, kisha hujifia yenyewe katika weusi. Nilisubiri nikiwa nimeegemea ukuta, nikihesabu mapigo ya moyo wangu mpaka yakanichanganya. Halafu nikawasha taa.

Hapakuwa na mtu.

Sakafu kavu. Rafu tupu. Beseni. Mimi.

Nikainua filamu mbele ya balbu.

Mnajua negativu ilivyo. Kila kitu kimegeuka: nywele zinakuwa nyeupe, meno yanakuwa meusi, mchana unakuwa usiku. Mama alikuwa hapo, nyeupe yake nyeusi, nyeusi yake nyeupe, akifua nguo. Nyuma yake, mbali, mlangoni pa chumba cha giza, alisimama msichana.

Yeye hakuwa amegeuka.

Uso wake ulikuwa uso. Nywele zake nyeusi, zimesukwa. Gauni jeupe. Katika picha ambayo kila kitu kiligeuzwa, yeye peke yake alionekana kama alivyo, kana kwamba aliumbwa kwa ajili ya giza.

Picha iliyofuata, Mama anapika. Msichana yuko katikati ya ukumbi.

Iliyofuata, Mama anashona. Yuko nyuma ya kiti.

Ya mwisho, Babu alikuwa amejisukuma kwa kiti chake mpaka mlangoni pa chumba cha Mama. Mama amelala chali. Msichana amepanda juu ya kitanda, amepiga magoti kifuani pake. Nilitaka kufumba macho. Lakini nilitazama mikono yake, na mikono yake haikuwa shingoni. Ilikuwa imeshika ukingo wa mto. Kichwa chake kimeinama, sikio liko karibu kabisa na midomo ya Mama.

Alikuwa akisikiliza.

Kama mtu aliyeweka sikio mlangoni.

Nikaenda mlangoni kwangu, nikabisha. Ngo.

Nikasikia mlango wa mbele ukifungwa. Nikasikia pete za pazia zikiteleza kwenye fimbo. "Pazia limefungwa," Mama akasema, akaniita kwa jina langu.

Nikasukuma.

Mlango haukusogea.

"Umeweka komeo, Mama?"

"Komeo gani? Mlango huu haujawahi kuwa na komeo." Akauvuta. Akaniita tena, kwa sauti kubwa zaidi. Nikaweka bega, nikasukuma mpaka miguu ikateleza. Mbao ile nyembamba, ambayo mtoto angeifungua kwa kidole, ilikuwa kama ukuta.

Harufu ya mkaa ilikuwa imejaa. Kichwa kikaanza kugonga. Balbu ilipungua, ikawa njano, ikawa nyekundu, ikawa uzi mmoja, ikakatika.

"Mama." Nilipiga magoti, nikaweka mdomo kwenye upenyo wa chini. "Nimemwona. Yuko kwenye picha zote. Ni nani?"

Alipozungumza, sauti yake ilitoka chini, sawa na yangu. Naye alikuwa amepiga magoti.

"Ni dada yangu," akanong'ona. "Mkubwa wangu."

"Babu alimfanya nini?"

"Ile dawa si ya Baba. Ni ya yule mtoto. Aliosha birika la kahawa kwenye beseni la magadi, kipande cha karatasi ya picha kikaangukia humo, kikawa cheusi kama kimetiwa dawa. Akapiga kelele, 'Baba, njoo uone!' Baba akaja, akaona. Mji ukamsifu Baba." Pumzi ikamkatika, akaivuta tena. "Ikaja harusi ya watu wakubwa. Filamu nyingi. Baba akamtia humo na beseni, na jiko la mkaa ili dawa isipoe. Akaenda mbele kupiga picha. Wateja walijaa mpaka barabarani."

"Alibisha?"

"Alibisha. Mara moja. Nilikuwa hapa, hapahapa nilipopiga magoti, nacheza na mdoli wangu. Lakini kuita ilikuwa kazi ya Baba. Sisi watoto tulikatazwa. Nikasubiri Baba aje amwite. Dada naye akasubiri, mpaka hewa ya mkaa ikamlaza."

"Si angesukuma tu, Mama? Mlango hauna komeo."

"Angeharibu picha za watu."

Gizani, karibu na bega langu, mtu alivuta pumzi fupi.

"Watu walisema Babu alimtoa," nikasema. Ulimi wangu ulikuwa mzito, maneno yalitoka kama yamelowa.

"Hakumtoa, mwanangu. Alimsahau. Mpaka leo sijui lipi baya zaidi." Alikuwa akilia sasa. "Akachoma picha zake zote. Akatuapisha jina lake lisitajwe tena, maana kila likitajwa, mlango uligongwa. Bibi yako alikwenda nalo. Baba alipotaka kulisema, ulimi ulikuwa umeshakufa. Nimebaki nalo mimi peke yangu."

"Basi ndilo analolitafuta kinywani mwako kila usiku. Mwite."

"Siwezi."

"Mama, mwite."

"Nikimwita atatoka! Unaelewa? Miaka yote hii yuko gizani. Aliyeingia alikuwa dada yangu. Sijui atakayetoka ni nani!"

Nilitaka kumjibu. Kichwa changu kililala chenyewe sakafuni, na sakafu ilikuwa na joto zuri, joto la usingizi. Niliwaza kwamba kulala kidogo si vibaya. Nikahisi mkono ukiingia ndani ya mkono wangu. Mdogo. Umekauka ncha za vidole, kama mikono ya watu wanaoshinda kwenye magadi. Haukunivuta. Ulinishika tu, kama mtoto anavyomshika mwenzake wanapongoja kitu pamoja.

Kisha ukaniachia.

Nikasikia nyayo, pekupeku, zikinipita. Zikasimama mlangoni. Gauni likanyooshwa. Nilisikia kabisa viganja vikipapasa kitambaa, juu hadi chini, kama mtu anayejiweka sawa kabla ya kutokea mbele za watu.

Ngo.

Nje, Mama aliacha kulia.

Watu wameniuliza kilichotokea baada ya hapo. Nimemsimulia mmoja tu, na siku hizi akinitembelea haketi akiupa mgongo mlango. Kwa hiyo nitaishia hapa, penye mambo ambayo bado nina uhakika nayo. Nina uhakika kwamba nilimsikia Mama akiinuka. Nilisikia pete za pazia zikivutwa tena, ingawa pazia lilikuwa limeshafungwa, zikavutwa mpaka mwisho, pasibaki hata uzi wa mwanga. Nilisikia hatua zake zikirudi, nyepesi, zimekuwa ndogo ndogo, hatua za mtoto anayekaribia kufanya alichokatazwa. Nilisikia akiweka kiganja juu ya mbao. Na upande wangu, mahali palepale, nilisikia kiganja kingine kikiwekwa.

"Pazia limefungwa," Mama akasema.

Akavuta pumzi. Ndefu, safi, ya kwanza tangu tumzike Babu. Kisha akalitaja jina ambalo sikuwahi kulisikia.

"Tunu."